Mguu wa Mheshimiwa

4 Februari

Kwa mpwa wangu Mwalimu, mtoto wa dada yangu, uliyetuacha kwa sababu ya vitabu,

Pokea salamu zangu zote, pamoja na zile nilizokuwa nimewawekea watu wengine. Sisi hapa tunakula, tunalala na tunabishana, kwa hiyo nyumba ina uhai. Mke wangu yuko palepale kwenye cherehani, sare za shule zimemfunika hadi wateja wanaliamkia lundo la nguo wakidhani ndiye. Kinyozi wa mlango wa pili ameoa tena, na bado anawashauri watu kuhusu ndoa. Mimi Daktari wa Baridi karakana imenijaa mafriji yaliyokufa, na yote nitayafufua. Mtu aliyetengeneza vyumba vya barafu vya meli kubwa za samaki, na shule yake iliishia darasa la sita, hashindwi na friji la muuza soda.

Sasa tuje kwa huyu mnyama wako.

Siku ile uliponijia na ndoo ukasema, "Mjomba, maabara ya shule imefungwa, mimi naenda masomoni, nitunzie aksolotli wangu," nilisema ndiyo kabla sijachungulia. Huo ndio moyo wangu, na huo ndio unaoniponza. Nilipochungulia nikaona kitu kama mjusi mweupe aliyekaribia kuwa waridi, urefu wa kiganja na zaidi, macho kama vichwa vya pini, na kila upande wa kichwa matawi matatu mekundu, utadhani mtu amemchomeka manyoya ya jogoo masikioni. Mwalimu, mimi nimetembea. Nimeona samaki wanaoruka, nimeona nyangumi akigeuka usingizini. Lakini kiumbe aliyevaa pumzi yake nje, kama pambo, huyo ni wa kwanza. Yale matawi yanatikisika, na ukisogeza uso unaiona damu inapita ndani. Nilikaa mbele ya kioo chake mpaka chai ikapoa. Mke wangu akauliza, "Kuna nini humo?" Nikamwambia, "Kuna mtu anapumua, njoo uone."

Nimempa jina la Mheshimiwa. Hafanyi kazi, anatabasamu muda wote, na anangoja kuletewa.

Na furahi basi: amenenepa! Ulimleta kama penseli, leo ana tumbo la mwenyekiti wa bodi. Nyungunyungu asubuhi, nyungunyungu jioni, na katikati nampa cha kushikilia. Kwangu mgeni hakondi. Nimemtandikia na vijiwe vya rangi chini, apendeze.

Anayekonda ni mimi, ila mimi nakonda kwa raha. Kitambi kimeondoka bila kuaga, nimerudi umbo langu la ujana. Kiu tu ndiyo inanisumbua, na nadhani ni hili joto. Basi tumegawana kazi: Mheshimiwa anakaa ndani ya maji, mimi nayanywa.

Ni mimi mjomba wako asiyezeeka,
Daktari wa Baridi


23 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nyingine umpelekee mkaza mjomba hukohuko chini ya sare. Mimi sijambo. Chumbani nimewekwa na mwalimu wa hesabu anayezidisha na kugawanya akiwa usingizini, na mara nyingine anakosea, namsahihisha. Masomo ni mazito lakini nayabeba. Kinyozi mpe pongezi, na mwambie asinitumie ushauri.

Nimecheka sana kwa Mheshimiwa. Nilipofika kwenye tumbo la mwenyekiti wa bodi nikaacha kucheka.

Mjomba, kwa mnyama huyu kitambi si cheo. Usimpime kwa kumtazama pembeni, kwa sababu kioo kinadanganya. Simama juu yake utazame chini. Upana wa tumbo unatakiwa ulingane na upana wa kichwa, basi. Ukipungua, ana njaa au kuna kinachomla ndani. Ukizidi kichwa, umemlisha kupita kiasi. Na akivimba ghafla, akaanza kuelea kama chupa tupu, hapo si unene tena, ni ugonjwa. Mkubwa kama yeye anakula kila baada ya siku mbili au tatu, hata akikuangalia kwa huruma. Hiyo sura ya huruma amezaliwa nayo.

Vijiwe vitoe leo. Anakula kwa kuvuta maji mdomoni, atavivuta navyo, vitamkwama.

Yale matawi yanaitwa matamvua. Yakiwa marefu na manyoya yake yamejaa, maji ni mazuri. Yakijikunja kwenda mbele, au manyoya yakianza kupukutika, kuna kitu kibaya kwenye maji. Ncha ya mkia ikijipinda, ana wasiwasi. Na maji yawe ya baridi, nyuzi kumi na sita hadi kumi na nane. Kwenye joto anaungua polepole na hatasema. Hana sauti huyu. Lolote linalompata utaliona kwenye umbo lake tu, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumtazama kila siku, na wewe kwa kutazama vitu sijui mpinzani wako.

Sasa swali, na ulijibu, usiliruke: hiyo kiu imeanza lini?

Mpwa wako


29 Machi

Kwa Mwalimu, mkali kuliko pilipili kichaa,

Salamu zimfikie na mwenzako anayegawanya usingizini. Mwambie aje anigawie wadeni na wateja. Huku mvua imetishia ikaondoka. Mke wangu ana miwani mipya, sasa ananiona vizuri, na hajafurahi. Kinyozi anakusalimu, ndoa inaendelea, ushauri umepungua.

Vijiwe nimetoa. Chakula nimepunguza. Nimetengeneza ngazi ya mbao, kila asubuhi napanda natazama kutoka juu kama rubani. Kinyozi naye alipanda. Akasema, "Tumbo limezidi kichwa." Nikamwambia, "Kwa kipimo hicho wewe ungeshafungwa mdomo." Lakini kweli, Mwalimu, wiki baada ya wiki tumbo lilirudi, likasimama sawasawa na kichwa, mstari mmoja kama kazi ya rula. Sikujua kwamba mwili unaweza kusomwa hivyo. Nimekuwa nikitazama viumbe maisha yangu yote kutoka pembeni.

Na baridi? Baridi unamfundisha nani? Nimechukua bomba la shaba la friji, jipya, linang'aa, nimelikunja mzunguko juu ya mzunguko, nimelizamisha ndani ya maji yake, nikaliunganisha na mashine ndogo. Nyuzi kumi na saba mchana na usiku, hata jua likitoboa bati! Watu wanatoka mtaa wa tatu kuja kuona. Hakuna Mheshimiwa mwingine duniani mwenye mtambo wa meli chumbani kwake.

Ila kuna jambo. Tangu juma lililopita hali chakula. Manyoya ya matamvua yamepukutika, yamebaki vijiti kama ufagio uliozeeka. Ngozi imetoa ute, mweupe kama maji ya mchele. Baridi ni sahihi, nimepima na kupima. Kila kitu ni sahihi na yeye anaisha. Nadhani anakukumbuka wewe.

Niambie haraka.

Mjomba


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mvua ya huku haitishi, inanyesha kweli, kuta zimeota ukungu. Mwenzangu wa chumbani anaumwa mafua na bado anahesabu.

Barua yako ilipofika sikusubiri kalamu, nikapiga simu, na uliyonijibu unayakumbuka. Nilisema, "Mjomba, shaba ni sumu kwake, itoe sasa hivi." Ukasema, "Mimi nimefanya kazi na shaba tangu hujazaliwa, mbona haijaniua?" Nikasema, "Wewe hupumui kwa ngozi." Kisha ukamtupia simu mkaza mjomba ukakimbia.

Usijilaumu kupita kiasi. Kosa lile lisingefanywa na mtu mvivu. Badilisha maji yote, na maji mapya uyaache ndooni siku nzima kwanza dawa inayotiwa maji ya mfereji iishe. Kupoza, weka feni ndogo tu ipulize juu ya maji. Matamvua yakikuta maji safi yanaota upya.

Sasa, ulipokimbia, tulibaki sisi wawili kwenye simu. Mkaza mjomba hakusengenya. Alisema tu kama fundi anavyosema. Alisema suruali zako amezipunguza kiuno, na amezipunguza tena, na sasa anapima kiuno chako kama anapima cha mwanafunzi. Alisema unaamka kunywa maji na kwenda chooni mpaka kunakucha. Alisema una kidonda mguuni, na kwamba katika joto hili unavaa soksi ndani ya nyumba. Alipouliza ulisema kiatu kimekuchubua.

Naandika, sipigi simu, kwa sababu kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau nilichouliza, halafu unaaga. Karatasi haicheki.

Kiu, kukonda, kidonda kisichofunga. Nenda ukapimwe sukari, Mjomba. Sisemi zaidi ya hapo. Unajua kwa nini sisemi zaidi.

Mpwa wako


16 Mei

Kwa Mwalimu,

Salamu. Huku wazima. Mke wangu mzima. Kinyozi mzima. Paka wa kinyozi mzima.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu yametokea mambo, na moja ni baya na moja sina jina lake.

Lile baya kwanza. Siku ile ya simu nilikwenda kulitoa bomba nikiwa nimepandwa na hasira, na mtu wa hasira hana vidole. Likaniteleza likiwa na uzito wake wote, likambana Mheshimiwa mguu wa nyuma wa kulia juu ya kioo cha chini. Nilipoliinua, kiganja cha mguu hakikuwepo. Hakulia. Alinitazama na tabasamu lilelile. Mwalimu, mimi niliyeona watu wakikatwa na kamba za meli nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Maji yake yote yalikuwa na sumu, na mengine yalikuwa ndooni yanangoja. Nilikuwa na lita chache tu zilizokwisha kukaa tangu jana yake, basi nikamtia kwenye bakuli la plastiki, nikafunika na kifuniko chenye matundu, nikamweka ndani ya friji nililokuwa nalijaribu, mahali pa mboga, asipate joto. Mchana akaja mwenye friji kukagua. Akafungua. Akafunga taratibu. Akaja kwangu akasema kwa adabu sana, "Fundi, ndani ya friji langu kuna mtu anacheka." Nikamwambia, "Ndiye msimamizi." Hajarudi mpaka leo, friji lake limepona na linamsubiri.

Sasa lile lisilo na jina.

Maji safi yalimrudisha. Alianza kula. Kidonda kikafunga, hakikutoa usaha, hakikuvimba. Nikajua amebaki kilema kwa mkono wangu, nikaanza kumzoea hivyo. Halafu asubuhi moja niko juu ya ngazi yangu, nikaona pale mwisho wa mguu pana kitu. Kama punje ya mchele. Nikasema uvimbe huo. Siku zilivyokwenda punje ikawa ndefu, ikawa bapa, kama kasia dogo sana la kuchezea. Halafu kwenye ukingo wa kasia pakaingia mikunjo.

Mwalimu, anaota mguu.

Nilimwita mke wangu, akaja na miwani yake, akatazama, akafunika mdomo kwa mkono. Kinyozi alipopanda ngazi alivua kofia. Tulisimama watu wazima watatu kama tuko msikitini au kanisani, na hakuna aliyetuambia tusimame. Wakati najenga naanza na msumari, na nyundo, na kelele. Yeye anajenga mguu mzima, mfupa na mshipa na ngozi, na hata hatoi mapovu. Nani anamwambia vidole vya nyuma ni vitano na vya mbele ni vinne? Ameandikiwa wapi?

Kuhusu yale mengine uliyoandika: mke wangu ni fundi wa nguo, siyo daktari. Soksi ni zangu, nimezinunua. Na kama kuna kitu huyu Mheshimiwa amenifundisha, ni kwamba mwili unajua kazi yake ukiuachia nafasi. Ngoja tu.

Mjomba


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za chumbani.

Nilicheka kwa msimamizi wa friji mpaka mwenzangu akaamka. Nililia pale ulipoandika kwamba mwili unajua kazi yake. Nimeelewa unachokingoja ndani ya hiyo soksi.

Mwili wa Mheshimiwa unajua. Yeye ni mtoto milele, Mjomba. Wenzake wa jamii yake wakikua wanapoteza matamvua wanatoka majini. Yeye hatoki, anazeeka na kuzaa akiwa bado na mwili wa utotoni. Mguu wake ukikatika, mwili unakumbuka ulivyoutengeneza mara ya kwanza, unarudia. Hata wasomi wanaomchunguza wanakaa mbele yake kama mlivyokaa nyie watatu. Lakini sisi hatukupewa hilo. Yeye ana ruhusa ya kutokukua. Wewe huna.

Sasa nitasema nililokuwa sisemi.

Mama. Nimeliandika. Tangu tumzike hatujawahi kulitaja mimi na wewe, tunalizunguka kama shimo barabarani. Mama alifunika mguu wake kwa shuka. "Ni kiatu tu, mwanangu." Maneno yaleyale. Alikuwa na kiu ileile, na nguo zilimpwaya hivyohivyo, na alitania hivyohivyo, kwa sababu nyie ni damu moja na wote mnadhani kifo kinaona haya mtu akicheka. Walikata kidole, wakakata mguu, walikuwa wamechelewa. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Mkaza mjomba aliponielezea harufu ya kidonda chako, niliisikia kwenye simu.

Methali ya mficha maradhi unaijua, siiandiki.

Siwezi kukuamrisha, mimi ni mtoto. Nakuomba. Upande wa mama nina wewe peke yako. Vua soksi mchana kweupe, utazame huo mguu kama unavyomtazama Mheshimiwa: kutoka juu, kwenye mwanga, kila asubuhi, bila mzaha. Sikuombi zaidi ya hapo, kwa sababu najua macho yako hayajui kudanganya. Ni mdomo tu.

Mpwa wako


7 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Nimempigia mkaza mjomba, simu inaita mpaka inakata.

Nimekwenda kwa mkuu wa chuo kuomba kusimamisha masomo nirudi nyumbani. Amesema niandike sababu. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi na sijaandika, kwa sababu sijui niandike unaumwa au niandike nini.

Nijibu neno moja. Hata tusi.


19 Agosti

Kwa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu,

Tusi sina. Nimelitafuta, nimekosa.

Salamu kutoka kwa mke wangu kwanza, maana anakuomba radhi kwa simu. Hajui kudanganya, na mimi nilimkataza kusema kweli, basi akaona heri aiache iite. Alikuwa anaitazama ikiita huku analia. Hilo ni langu, siyo lake.

Barua yako ya Mei niliisoma nikiwa nimesimama, na nikakasirika. Nikasema, huyu mtoto ananizika. Nikasema, nitamwonyesha. Basi nikachukua kigoda nikakiweka mbele ya kioo cha Mheshimiwa, nikavua soksi, nikainua mguu wangu wa kushoto nikauweka karibu na kioo, wake upande ule, wangu upande huu. Nilitaka kukuandikia siku moja kwamba yote miwili imepona. Nilifanya hivyo kila asubuhi, na sikumwambia mtu.

Nikuambie nilichoona. Lile kasia lake liligawanyika. Kidole kimoja kikatokea kwa ndani, chembamba, unaona mwanga kupitia, kama tone lililosahau kudondoka. Halafu cha pili kando yake. Kulikuwa na siku naamka nakuta kirefu kuliko jana, na sikuona mkono wa aliyefanya. Cha tatu. Cha nne. Nilikuwa naogopa kukohoa. Mimi nimefungua mashine za kila taifa, Mwalimu, na kila mashine ukiifungua unamkuta fundi ndani, alama yake ya bisibisi, gundi yake, uvivu wake. Pale sikukuta alama ya mtu. Niliona kazi inatendeka na fundi haonekani, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba sijui kitu.

Na upande huu wa kioo, kidole changu kidogo. Kilikuwa chekundu. Kikawa cha zambarau. Kikawa cheusi, na weusi ukaanza kutambaa kwenda juu ya mguu, na hakikuniuma. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakikuuma. Nilikigusa kwa kalamu, nisihisi kitu. Jua linaingia dirishani, linaangaza miguu yote miwili sawasawa, halina upendeleo. Wake ulikuwa unakuja. Wangu ulikuwa unaondoka.

Macho yangu hayajui kudanganya, umesema kweli. Nilikaa pale nikiwa nimeelewa, na sikuinuka. Niliogopa. Niandike tena? Niliogopa.

Kinyozi akaingia kuazima bisibisi. Akasimama mlangoni. "Fundi, kuna kitu kimeoza humu."

"Ni maji ya mnyama."

"Maji ya mnyama unayabadilisha kuliko shati lako. Inua mguu nione." Akaona. Hakutania, na yule anatania hata misibani. Alisema tu, "Vaa shati," akamwacha mteja kitini na nusu ya kichwa imenyolewa, akanishika mkono, tukaenda. Huyo mteja alitufuata mpaka hospitali na nusu kichwa chake, kwa sababu na yeye aliuona mguu wangu tulipopita mlangoni.

Walipotoboa kidole changu cha mkono, kile kipimo cha sukari hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba imepita uwezo wake. Nikawaambia siku zote nimekuwa mtu wa kupita viwango. Hakuna aliyecheka, nikaacha.

Daktari ni binti, labda rika lako. Alisema, "Mzee, kidole hiki kimekufa. Ukinikubalia sasa, nitachukua kidole. Ukienda nyumbani kufikiria, nitakuja kuchukua mguu, na baada ya hapo sijui." Nikamuuliza, "Hakitarudi?" Akadhani namfanyia mzaha. Nikamwambia, hapana binti yangu, nauliza kweli, kwa sababu nyumbani ninaye ambaye chake kimerudi. Nikamweleza yote, shaba, friji, punje ya mchele. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Kisha akasema, "Chako hakitarudi."

Nikasaini.

Nimekaa wodini muda mrefu kwa sababu ya ile sukari na weusi uliokuwa umetambaa. Walisafisha kila siku. Kuna siku waliongea pembeni na mke wangu kwa sauti ya chini, nikageukia ukuta. Ndiyo siku barua yako fupi ilipofika, aliniletea kitandani. Nilitaka kukujibu. Lakini niandike nini, wakati sikujua kama naandika nikiwa wa kubaki au wa kuondoka? Nilisubiri nijue. Nisamehe kwa kusubiri.

Mguu umebaki. Kidonda kinafunga. Najichoma sindano mwenyewe, asubuhi na jioni, na mkono wangu umekuwa hodari kuliko wa muuguzi, hilo wanalikubali wote.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita, mimi niko nyumbani, mlango ukagongwa. Daktari. Hana koti jeupe, ana mfuko wa matunda yasiyo na sukari nyingi, anaona haya kama mchumba. Akasema, "Nimekuja kukagua kidonda." Akakagua haraka haraka. Halafu akabaki amesimama. Mwishowe akauliza, "Yuko wapi?"

Nikampeleka karakanani. Feni ilikuwa inapuliza juu ya maji, matamvua yameota manyoya mapya, yanatikisika. Hakutaka ngazi. Alipiga magoti mbele ya kioo, na Mheshimiwa akaja mwenyewe mpaka pembeni, akasimama juu ya ule mguu. Vidole vitano. Cha tano kilichelewa, kilitokea mimi niko wodini, mke wangu ndiye aliyekiona wa kwanza. Ukivihesabu na vya upande wa pili huwezi kusema ni upi uliokatika. Hata kovu hakuna.

Daktari alikaa pale mpaka nikadhani anasali. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mzee, mimi nakata kila wiki. Kila wiki. Sijawahi kuona kimoja kikirudi."

Nikamwona anafuta macho. Nilimshika bega.

Mwalimu, hiyo karatasi ya mkuu wa chuo ichane. Usisimamishe chochote. Soma mpaka mwisho, rudi ukiwa umemaliza, uwafundishe watoto wa watu kutazama kutoka juu.

Dada yangu alikuwa na watu wengi waliocheka naye na waliomlilia. Hakuwa na mtu wa kumwandikia kama ulivyoniandikia mimi. Naisoma ile barua sasa bila hasira, na kila nikifika pale ulipoandika "Mama," nasimama kidogo, halafu naendelea. Namkumbuka sana. Tumtaje, kuanzia leo. Ukirudi tutakaa mimi na wewe tumseme mpaka koo zikauke, na safari hii nitakunywa maji kwa sababu nimeongea sana.

Nipo. Utanikuta.

Mjomba wako